Kwa nini emaili za wateja wako zinachanganyikana wakati kila mmoja ana akaunti yake?

Hapa Mwanza kuna watu kibao wanaojibu emaili za wateja watatu wanne kwenye laptopu moja, wakala wa dagaa pale Kirumba, mwenye gesti Capri Point, duka la vipuri mjini, na wote wako ndani ya Thunderbird, programu ya kusomea na kutumia emaili, kila mteja na inboksi yake kushoto. Sasa inatokea unaandika herufi mbili kwenye sehemu ya mpokeaji, programu inamalizia jina, unatuma, na bei za mteja huyu zinatua kwa mnunuzi wa yule. Kinachosemwa siku zote ni kwamba mtu alikuwa na haraka. Mi nasema haraka imechangia kidogo tu.

Shida ni kwamba watu wengi wanaamini akaunti ni ukuta. Si ukuta. Akaunti inaiambia programu barua ichukuliwe seva gani na itumwe kupitia seva gani, basi. Kutenganisha inboksi inatenganisha kweli, ila vitu vingine viko juu ya akaunti zote, na huwezi kuviona kwa kuangalia ile orodha ya kushoto.

Chukulia stoo ya soko la Mwaloni. Magunia ya kila tajiri yana alama yake, hayachanganyiki, lakini karani ni mmoja na daftari lake la wanunuzi ni moja. Ukimwambia "niitie Ma..." anakuitia Ma wa kwanza anayemkumbuka, haulizi leo unamfanyia kazi nani, kwa sababu daftari halina hiyo habari. Thunderbird ndo ilivyo: kila unayemwandikia anaingizwa yenyewe kwenye kitabu cha anwani zilizokusanywa, na kitabu hicho ni cha akaunti zote. Utafutaji pia una faharasa moja, yaani orodha ya kutafutia barua zote, faili linaitwa global-messages-db.sqlite, kwa hiyo ukitafuta neno "ankara" mbele ya mteja mmoja, anaweza kuona vichwa vya barua za wenzake. Hili la pili linanisumbua zaidi maana halihitaji hata kutuma kitu.

Ukuta wenyewe ni profaili. Kila profaili ni folda yake kwenye diski, na anwani zake, faharasa yake, paswedi zake. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika thunderbird.exe -P, kidirisha kinafunguka, tengeneza profaili moja kwa kila mteja na uipe rangi au mandhari tofauti ili jicho lijue uko wapi. Inachosha kuhama hama, nakubali, ila majina na simu za wageni wa gesti ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023.

Profaili haikukingi na mtu aliyeshika laptopu yako ikiwa wazi. Nenosiri kuu la Thunderbird linafunga paswedi zilizohifadhiwa, barua zilizokwisha kupakuliwa zinabaki kwenye diski zikisomeka, hivyo diski yenyewe isimbwe, yaani ifungwe kwa msimbo ili isisomeke bila nenosiri.

Na mkataba na mteja ukiisha unafuta folda ile moja, bila kuanza kuchambua anwani ipi ilikuwa ya nani.