Grili ya gesi: maneno ya wachomaji na ukweli wa moto

"Nyama ya gesi haina ladha ya choma." Hilo utaambiwa na kila shemeji aliyekulia kwenye mkaa, tena kabla hujawasha. Lakini mkaa uliokolea, ule mwekundu wenye majivu juu, hautoi moshi wa maana. Harufu inayoita majirani hutoka kwenye nyama yenyewe: mafuta na maji yake hudondoka kwenye kitu cha moto sana, huungua, kisha hupanda kama moshi na kuishika nyama. Ndani ya grili ya gesi kuna vibati vilivyofunika midomo ya moto, na mafuta yakidondokea hapo mambo ni yale yale. Ndiyo maana mbavu za mbuzi zinanukia vizuri hata kwa gesi, na kidari cha kuku kilichochunwa ngozi hakinukii sana hata kwa mkaa.

Moshi wa kuni, hapo nakubali, gesi haina. Anayeutaka afunge vipande vya mti wa mpera mkavu kwenye foili, atoboe matundu machache, aviweke juu ya vibati moto ukiwa mkubwa. Moshi ukianza kutoka, nyama iingie na mfuniko ushuke.

"Gesi haina kusubiri, washa uweke nyama." Moto huwaka papo hapo, ila chuma hakipati joto papo hapo. Fungua mfuniko kwanza, ndipo uwashe, kwa sababu gesi iliyojikusanya ndani hulipuka ikikutana na cheche. Ukishawaka, funika kwa dakika 10 hadi 15. Samaki aliyewekwa kwenye wavu wa vuguvugu huacha ngozi yake hapo hapo. Na yule samaki mpake mafuta mwenyewe, usipake wavu.

"Ongeza moto iive haraka." Kwa maoni yangu hii ndiyo inayoharibu kuku wengi kuliko zote. Nje anakuwa mweusi, ukimvunja paja unakuta mbichi. Raha ya grili ya gesi ni kwamba unaweza kuigawa: kama ina swichi tatu, washa moja au mbili, nyingine iache imezimwa. Vipande vya kuku vianzie upande usio na moto, mapaja yakiwa karibu na joto na vidari mbali kidogo, mfuniko umefungwa. Vikikaribia kuiva, vihamishie kwenye moto mkali ngozi ipate rangi. Usibabaishwe na saa iliyo kwenye mfuniko, ile inasoma joto la hewa ya juu, si la pale nyama ilipolala. Nunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, ingiza ncha katikati ya sehemu nene bila kugusa mfupa, na kwa kuku ungoje nyuzi 74 za Selsiasi. Nyama ya kusaga ni 71. Mnofu mzima wa ng'ombe au mbuzi ni 63, kisha uupumzishe angalau dakika 3 kabla ya kukata. Rangi hudanganya: paja la kuku mchanga laweza kubaki jekundu karibu na mfupa na limeiva, na nyama ya kusaga yaweza kugeuka kahawia kabla haijafika.

Mishikaki ni kinyume cha hayo yote. Vipande vidogo, moto mkali, mfuniko wazi, na wewe usiondoke.

"Ibabue kwanza ili maji yafungiwe ndani." Wazo hili lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig, katika kitabu chake cha mwaka 1847, na bado linatembea. Tega sikio nyama ikigusa wavu: ule mlio wa chwaaa ni maji yanayotoka, na hauishi hata ukoko ukishashika. Ukoko ni ladha, si kizibo. Kwa hiyo hata ukiuacha uje mwishoni hujapoteza kitu. Na ile sheria ya kugeuza mara moja tu? Geuza utakavyo, nyama itaiva sawasawa zaidi.

"Papai bichi likilala usiku kucha nyama inalainika zaidi." Kimeng'enya cha papai hufanya kazi karibu na juu tu. Ukikilaza usiku kucha, nje panakuwa kama uji na ndani pamebaki vile vile. Nusu saa inatosha mishikaki. Kinachopenya ndani ni chumvi, hiyo ndiyo ilale. Mchuzi wenye asali au sukari upakwe dakika za mwisho, la sivyo utaungua na kuwa mchungu.

"Moto ukiruka, mwagia maji." Kamwe. Maji yakikutana na mafuta yanayowaka huyarusha. Hamisha nyama upande wa baridi, punguza gesi. Kama kinachowaka ni trei ya mafuta, zima swichi, funga mfuniko, na funga mtungi ikiwa unaufikia bila kuungua.

"Moto dhaifu, gesi imeisha." Pengine. Walioko Marekani na Kanada wajue kwamba ukifungua mtungi kwa pupa, regulata huweza kubana gesi kwa usalama. Zima kila kitu, funga mtungi, subiri kidogo, ufungue polepole. Kwingine, mwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi kisha upapase: panapobaki pa baridi ndipo gesi ilipo.

Ukiunganisha mtungi mpya, paka maji ya sabuni kwenye maungio na mpira. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini, kwa hiyo grili ikae uwanjani, si kwenye veranda iliyozibwa. Mapovu yakifura pale ulipopaka sabuni, gesi inavuja: funga mtungi, kaza, upake tena.