Si kila magege ni sato

Jumamosi nilipita Mwanjelwa, soko letu la Mbeya, kwenye meza za samaki, nikamuuliza mama mmoja hawa samaki wako wa wapi, akanijibu "hao sato wa Kyela mwanangu, wa leo leo hao". Nikaomba niwageuze mmoja mmoja. Ndoo ileile ilikuwa na samaki wa aina tatu tofauti kabisa na sato alikuwa mmoja tu, wawili waliobaki ni samaki wa Ziwa Nyasa wenyewe, wa asili. Nikamlipa, nikaondoka nao, njia nzima mpaka nyumbani nikawa naliwaza hilo jina. Nimefanya kazi ya samaki huku Nyanda za Juu Kusini miaka mingi na kwakweli hili linaniuma, yaani jina moja la sato limemeza samaki wetu wote, sasa siku mmoja akiisha nani atajua kaisha wakati sokoni "sato" bado wapo?

Tuanze na jina basi. Sato huyu wa kufugwa asili yake ni mto Nile na maji ya huko kaskazini, huku kwetu kaletwa na watu. Sisi wetu ni magege, na ukishuka upande wa Mtera na Rufiji wanaitwa perege, na magege wenyewe sio mmoja. Ziwa Rukwa lina wake ambaye kisayansi kapewa mpaka jina la ziwa, Oreochromis rukwaensis. Perege wa Rufiji ni Oreochromis urolepis. Nyasa nako wapo wa kwao, tena zaidi ya mmoja. Ukitaka kumjua sato angalia mkia: ana mistari ya kusimama imejipanga vizuri kuanzia shinani mpaka ncha, kama pundamilia. Wa kwetu mkia wake hauna ile mistari iliyopangika. Ukimkuta mwenye mistari nusunusu, inaanza halafu inapotea, hapo uwe na wasiwasi, nitaeleza mbele.

Watu huniuliza kwanini eneo dogo hivi liwe na samaki wengi hivi. Jibu lipo kwenye mvua. Mvua ikinyesha huku kwenye milima yetu, Uporoto na safu ya Mbeya, maji yanagawanyika njia tatu. Mengine yanashuka na Kiwira na Mbaka mpaka Ziwa Nyasa, mengine yanapita Chimala kuingia bonde la Usangu, halafu Ruaha Mkuu, halafu Rufiji mpaka bahari ya Hindi, na mengine yanaelekea Rukwa, ziwa ambalo halina mto unaotoka, maji yakiingia yanabaki hapo mpaka jua liyakaushe. Samaki hana miguu ya kupanda mlima, kwahiyo wa bonde hili na wa bonde lile wametengana maelfu kwa maelfu ya miaka, kila mmoja kawa wa kivyake. Halafu kuna baridi, huku juu Mufindi na Njombe maji ni ya baridi sana hata trauti walioletwa enzi za mkoloni wanaishi vizuri, ila panda Coaster Uyole asubuhi, pita Kiwira, pita Tukuyu, mchana upo Kyela mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari unatokwa jasho, na ndani ya Ziwa Nyasa lililo pale kuna spishi zaidi ya 700, wataalamu wengine wanasema zinakaribia 1000. Hakuna ziwa lingine duniani lenye spishi nyingi za samaki kama Nyasa. Na karibu wote huwapati kwingine kokote.

Lakini mimi ukiniambia nichague sehemu moja tu ya kumpeleka mgeni nitampeleka Masoko. Ziwa Masoko, wengine wanaliita Kisiba, lipo Rungwe, ni shimo la volkano lililojaa maji, upana wake kama mita 700 na kina kinakaribia mita 40. Wengi wanalijua kwa boma la Wajerumani na zile stori za hela zilizotupwa majini wakati wa vita. Mi naona mali ya lile ziwa ni samaki. Kuna samaki mdogo anaitwa Astatotilapia calliptera, mitoni na kwenye madimbwi ya Kyela yupo kila mahali na watu hawamjali, zamani zile aliingia Masoko. Sasa humo ndani amegawanyika wawili. Wa pembeni, kwenye maji ya kina kisichozidi mita 5 hivi, madume yao ni ya njano na wanakula wadudu wa kwenye mawe na majani. Ukishuka mita 20 na kuendelea, ambako mwanga ni hafifu, madume ni ya bluu iliyoiva inakaribia weusi, taya za kooni ziko tofauti, chakula chao wadudu wadogo sana wanaoelea majini, mpaka vinasaba vinavyohusu macho vimetofautiana kwasababu kuona kwenye giza la bluu sio sawa na kuona juani. Utafiti huo ulitoka 2015 kwenye jarida la Science, na mgawanyiko wenyewe unakadiriwa kuwa na miaka kama elfu moja tu. Elfu moja! Kwa mambo ya viumbe hiyo ni kama jana jioni. Yaani tumewakuta njiani, spishi moja ikiwa inageuka kuwa mbili, na hakuna ukuta kati yao, ni maji yaleyale.

Na sio Masoko peke yake. Kuna Kiungululu, kaziwa kengine ka volkano hukohuko, kana magege wake anaitwa Oreochromis chungruruensis, alielezwa kisayansi 1924 na duniani kote yupo humo tu. Hebu fikiria mtu mmoja kwa nia njema kabisa anamwaga humo ndoo moja ya vifaranga vya sato.

Hapa ndio narudi kwenye ile mistari nusunusu. Sato na magege wa kwetu ni ndugu wa karibu, dume linachimba kiota, jike linataga kisha linabeba mayai mdomoni, na spishi mbili zikikutana zinaweza kuzaana na watoto wao nao wanazaa. Kwahiyo hata asipokula samaki wako wala kumfukuza, anamyeyusha taratibu, baada ya miaka unabaki na samaki ambaye sio huyu wala yule. Ziwa Victoria walipandikiza sato miaka ya 1950, leo muulize mzee wa kule kuhusu ngege, yule wa asili wa ziwa hilo. Na huku kwetu 2013 ilishachapishwa kwamba sato kaingia kwenye maji yanayokwenda Ziwa Nyasa. Milima imewatenganisha maelfu ya miaka, sisi tunawavusha kwa ndoo kwenye basi ndani ya siku moja.

Yapo na mengine yanayowamaliza. Mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, anapanda mitoni kutaga wakati wa mvua na anakuta nyavu zimeziba mdomo wa mto mzima, na akipita anakuta kokoto za kutagia zimefunikwa tope la mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni. Ruaha Mkuu tangu miaka ya 1990 mwanzoni unakatika kiangazi, maji yanabaki madimbwi, kambale anavuta hewa anavumilia, wengine wanakufa. Hayo nitayaandikia siku nyingine kwa urefu.

Simwambii mtu asifuge. Bwawa la samaki ni ada ya mtoto na mboga ya nyumbani, naheshimu sana. Ila kabla hujaagiza vifaranga jiulize maji ya bwawa lako yanatoka kwenda wapi, kwasababu mvua kubwa ikija bwawa litafurika, hilo halina mjadala. Kuna kaka mmoja wa Busokelo alinipigia anataka sato, nikamuuliza swali hilohilo, akanyamaza kidogo akasema "yanaingia Mbaka". Nikamwambia ukweli wote, kwamba sato anakua haraka na magege wa asili atamchelewesha, asije kunilaumu. Akafikiria kama wiki hivi kisha akasema haya njoo tuwatafute hao wa kwetu. Tulishuka bondeni alfajiri na mwanae, tukawapata thelathini na kitu, na maji ya kuwabebea tuliyachota hukohuko Mbaka.