Kwa nini puto la Serengeti huruka alfajiri tu

Swali ninaloulizwa kuliko yote, na linaulizwa na watu ambao bado wana usingizi, ni hili: "Kwani hatuwezi kuruka jioni?" Mgeni ameamshwa saa 10 na nusu, nje kuna giza na baridi, na anaamini tumemtoa kitandani ili apige picha ya jua likichomoza. Jua ni nyongeza. Hata kama macheo yasingekuwa na uzuri wowote, bado tungeruka saa ileile, kwa sababu tunachokifuata ni hewa.

Mimi ni rubani wa puto, na kituo changu ni Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Nataka niieleze hewa hiyo, maana mtu akishaielewa, mambo mengine yanayomshangaza siku hiyo yanajieleza yenyewe: kwa nini anaulizwa kilo zake, kwa nini hatuwezi kumwambia atatua wapi, na kwa nini kuna asubuhi anarudishwa kambini bila kuruka.

Usiku ardhi hupoteza joto lake haraka, hasa anga likiwa wazi. Hewa iliyolala juu ya nyasi nayo inapoa, inakuwa nzito na kutulia. Alfajiri unaweza kuuona moshi wa moto wa kambi ukitambaa kando badala ya kupanda. Jua likishatoka, mambo yanaanza kubadilika. Mawe, udongo mweusi na nyasi ndefu havipati joto kwa kasi moja. Hewa ya juu ya mawe inapanda, ya pembeni inashuka kuziba nafasi, na kidogokidogo uwanda mzima unaanza kuchemka. Sisi tuna kipimo chetu cha asili: tumbusi. Ndege hawa wazito hawapendi kupiga mbawa. Husubiri hewa ya moto iwainue. Ukiona tumbusi wanazunguka juu bila kutikisa bawa, puto linatakiwa liwe limeshatua na kukunjwa.

Ulaya wanaruka jioni pia, hasa kiangazi, kwa sababu jua lao huchelewa kuzama na hewa hupata muda wa kutulia kukiwa bado kweupe. Kwetu karibu na ikweta jua likizama, giza halisubiri. Mchana kuna mawingu ya radi, na joto la siku huchukua muda kuisha hewani. Kufikia hewa itulie tena, ningekuwa natua gizani, kwenye nyasi zenye simba na nyati, huku gari la wasaidizi likinitafuta. Hakuna bei ya tiketi inayoweza kunishawishi nifanye hivyo na abiria.

Sababu ya pili ni uzito, na hapa naomba uvumilie hesabu kidogo. Puto halina injini ya kuliinua. Linapanda kwa kuwa hewa ya ndani ni nyepesi kuliko ya nje, basi. Seronera iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyembamba tangu mwanzo. Alfajiri yenye nyuzi joto 15, mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ina uzito wa kilo 1 hivi. Ipashe ndani ya puto mpaka nyuzi 100, uzito unashuka hadi karibu gramu 790. Tofauti hiyo, gramu 230 hivi, ndiyo mtaji wetu wote. Ndiyo maana puto la kubeba abiria 16 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 10,000: hapo unapata nguvu ya kuinua tani 2 na robo. Toa uzito wa kitambaa, kikapu, vichomeo vinavyopasha hewa moto, na mitungi ya gesi. Kinachobaki ndicho cha watu.

Sasa fikiria hewa ya nje imepanda kutoka nyuzi 15 hadi 25, jambo la kawaida kabisa kufikia katikati ya asubuhi. Puto lilelile, likiwa na moto uleule, limepoteza zaidi ya kilo 300. Hao ni watu wazima wanne. Wala hatuwezi kufidia kwa kuzidisha moto, kwa sababu kitambaa ni nailoni na kikipita nyuzi 120 hivi kinaanza kuharibika. Kwa hiyo ukiulizwa kilo zako wakati wa kukata tiketi, taja za kweli. Anayeuliza hana nia ya kukuaibisha. Kwa namba hizo tunajua gesi ya kupakia na nani akae chumba gani cha kikapu ili kisiinamie upande mmoja.

Historia ya jambo hili inatugusa kuliko wengi wanavyojua. Watu wa kwanza kuruka huru kwa puto walipaa Paris tarehe 21 Novemba 1783, katika puto la ndugu wa Montgolfier, baada ya kondoo, bata na jogoo kutangulia mwezi Septemba. Kichomeo cha gesi ya propani tunachotumia leo kilikuja baadaye sana. Mmarekani Ed Yost alirusha puto la namna hiyo Nebraska mwaka 1960. Kabla teknolojia hiyo haijasambaa, mwaka 1962, Mwingereza Anthony Smith na wenzake walipaa kutoka Zanzibar kwa puto la haidrojeni lililoitwa Jambo, wakavuka bahari hadi bara, na baadaye wakaruka juu ya nyanda za wanyama za Tanganyika. Mmoja wa waliokuwa naye alikuwa mpiga filamu Alan Root, na ni Root huyo aliyeanzisha safari za watalii kwa puto Keekorok, Maasai Mara, mwaka 1976. Kwa hiyo biashara hii ya mapambazuko katika nyanda zetu ina mzizi wake Unguja, na hilo hunifurahisha kila ninapomweleza mgeni kutoka pwani.

Tuje kwenye kuliongoza. Usukani hatuna. Tunachoweza ni kupanda na kushuka. Upepo lakini una matabaka: ulio mita 20 juu ya ardhi unaweza kwenda magharibi polepole, na ulio mita 200 ukaenda kaskazini-magharibi kwa kasi mara mbili. Rubani huchagua tabaka. Ndiyo maana kabla hatujalitandaza puto, bado giza, tunarusha kiputo kidogo cha heliamu chenye taa. Wageni wengi huwa wanakunywa kahawa na hawakioni. Mimi siondoi macho. Ile taa inapanda wima, halafu inaanza kuegemea; nahesabu sekunde, najua imefika kimo gani ilipopinda, na imepinda kuelekea wapi. Ikikimbia upesi sana chini kabisa, siku hiyo kazi imeisha kabla ya kuanza.

Mama mmoja wa Mwanza aliwahi kunishika mkono wakati wa kupanda kikapuni akaniuliza, "Mwanangu, hiki kitu kinatua wapi?" Nikamjibu, "Shikamoo mama. Najua upande, mahali penyewe upepo ndio utakaoamua." Aliniambia jibu hilo limemtuliza kuliko ningemtajia mahali. Mara nyingi upepo wetu wa alfajiri hutoka mashariki, kwa hiyo gari la kutufuata huelekea magharibi, dereva akiwa na redio na macho juu.

Jambo ambalo abiria halioni, na ndilo gumu kuliko yote kujifunza, ni kuchelewa kwa puto. Nikivuta mpini wa kichomeo sasa, mwali unaruka juu kwa kishindo, lakini puto haliitiki sasa. Hewa tani kadhaa lazima ipate joto kwanza. Zinapita sekunde 6, 8, hata 10, ndipo kikapu kianze kunyanyuka. Tukishuka kufuata mto Seronera, chini kabisa, migunga ya manjano iko mbele yetu na viboko wanakoroma kwenye madimbwi, abiria anaona mti unakuja na ananitazama kwa wasiwasi kwa nini siwashi. Nimeshawasha. Moto wa kuuvuka mti ule niliuwasha mti ukiwa bado mbali, na ninaowasha juu ya mti ni wa kituo kinachofuata. Kushuka nako ni hivyohivyo: lazima nizuie mteremko kabla haujaonekana kuwa mkali, la sivyo ardhi itafika kabla ya joto.

Ndani ya kikapu hakuna upepo. Tunakwenda na hewa yenyewe, kwa hiyo mtandio wa abiria unaning'inia tu hata tukiwa tunakwenda kilomita 15 kwa saa. Ukihisi upepo umekupiga usoni ghafla, ujue tumeingia tabaka jingine, na sekunde chache baadaye utaona kivuli cha puto kimebadili njia kwenye nyasi. Kitazame kivuli hicho. Wengi huhangaika kutafuta simba na kukikosa.

Kuhusu wanyama nina msimamo. Kishindo cha kichomeo kinawashtua, hasa tembo na nyati. Puto kubwa huwa na kichomeo cha pili chenye sauti ya chini na mwali wa manjano, ambacho marubani hukiita kichomeo cha ng'ombe kwa kuwa kilitokana na kuruka juu ya mifugo ya wakulima. Hicho husaidia, lakini dawa hasa ni kupanga mapema: napasha hewa kabla ya kuwafikia, kisha tunawapita kimya, tukisikia nyumbu wanavyoguna na kwato zao kwenye nyasi kavu. Rubani anayeshuka juu ya kundi na kuwasha moto vichwani mwao ili wageni wapate picha ya wanyama wakikimbia anafanya vibaya, na wewe abiria una haki ya kumwambia hivyo.

Kutua ndiko watu hukuogopa, na hofu hupungua ukijua kinachotokea. Tunakaa chini kikapuni, mgongo ukielekea tunakokwenda, mikono imeshika kamba, kichwa kimeegemea mto. Upepo ukiwa mdogo, tunakanyaga ardhi taratibu. Upepo ukiwa na nguvu kidogo, kikapu kinagusa, kinaruka, kinagusa tena, kisha kinalala ubavu na kuburutwa hatua kadhaa mpaka hewa itoke kupitia tundu la kileleni. Hiyo ni namna ya kawaida ya kutua. Kikapu kimesukwa kwa fito za henzirani kwa sababu hiyo hasa: zinapinda na kumeza kishindo ambacho chuma kingekipeleka moja kwa moja kwenye magoti yako. Kosa la hatari ni kutoka kikapuni kabla hujaambiwa. Ukipungua wewe, puto limepata kilo zako zote kama nguvu ya kupaa upya, pamoja na wenzako waliobaki. Na kwa ajili ya kishindo hicho, mjamzito hapandi, wala aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo au nyonga karibuni.

Ajali zipo, na mtu anayekuuzia safari hii bila kukubali hilo hakuheshimu. Luxor, Misri, tarehe 26 Februari 2013, moto ulizuka puto likiwa linatua, na watu 19 kati ya 21 walifariki. Lockhart, Texas, tarehe 30 Julai 2016, rubani aliruka wakati kuna ukungu na mawingu ya chini, puto likagonga nyaya za umeme, wote 16 wakafa. Hiyo ya pili naifikiria sana, kwa sababu chanzo chake kilianza ardhini, kwenye uamuzi wa kuruka. Kwenye eneo la Cappadocia, Uturuki, mamlaka ya anga ndiyo hutoa ruhusa kila asubuhi. Kwetu rubani ndiye mwenye neno la mwisho, naye anasimama mbele ya watu waliolipa zaidi ya dola 500 kila mmoja, walioamka usiku, wengine wako kwenye fungate. Akisema hapana, msimsute. Kabla ya kulipa, uliza kampuni inarudisha fedha zote hali ya hewa ikikataa au inakuhamishia siku nyingine. Kampuni isiyorudisha inamwekea rubani wake shinikizo ambalo hapaswi kuwa nalo. Uliza pia kama kuna bei ya mkazi wa Afrika Mashariki, maana mara nyingine ipo na haitangazwi.

Mavazi: sweta au koti jepesi la kuvua baadaye, suruali, viatu vya kufunika miguu kwa sababu ya umande na miiba, na kofia, kwani joto la kichomeo linashuka utosini. Watoto kampuni nyingi huanzia miaka 7, ili waweze kuona juu ya ukingo wa kikapu. Na usilale garini njiani kuja kwetu. Magari ya kawaida hayatembei hifadhini kabla ya saa 12 asubuhi, kwa hiyo mwendo huo wa gizani ni nafasi adimu ya kuona fisi, nungunungu na bundi kwenye mwanga wa taa.

Msimu uchague kwa kufuata nyumbu: Ndutu kati ya Januari na Machi wanapozaa, magharibi kuelekea Grumeti Mei na Juni, kaskazini kwenye mto Mara kuanzia Julai. Seronera kuna wanyama wakazi mwaka mzima. Siku nayo ichague kwa kufuata hewa. Ukiwa na asubuhi tatu hifadhini, weka puto ile ya kwanza, na usiliweke kamwe siku ya kuondoka, ili tukiahirisha uwe bado na asubuhi mbili za kujaribu.