Je, wajua nani walimchagua Kasa-Vubu mwaka 1960?

Ukiuliza Bukavu au Lubumbashi, wengi watakujibu kwamba ni wananchi waliompigia Joseph Kasa-Vubu kura awe rais wa kwanza wa Kongo. Sivyo. Mei 1960 wapiga kura, wanaume peke yao, walichagua wabunge wa taifa, mmoja kwa kila wakaaji 100 000, na wabunge wa majimbo. Hakuna karatasi ya kura iliyokuwa na jina la mgombea urais. Mabaraza ya majimbo 6 yakachagua maseneta, 14 kila moja, Kivu sawa na Katanga bila kujali wingi wa watu. Kisha wabunge 137 na maseneta 84 wakaunda mkutano mmoja, na tarehe 24 Juni Kasa-Vubu akapata kura 159, Jean Bolikango 43. Kati ya mpiga kura wa Bukavu na rais kulikuwa na ngazi moja kwa upande wa wabunge wa taifa, na mbili kwa upande wa maseneta: baraza la jimbo, halafu Seneti. Magavana na maseneta wetu wangali wanachaguliwa na wabunge wa jimbo. Ni urais pekee ulioiacha njia hiyo: siku hizi wananchi wanampigia rais kura wenyewe.

Sheria ya Msingi ya 19 Mei 1960, iliyokuwa katiba ya muda, ilifuata mfano wa ufalme wa Ubelgiji: mkuu wa nchi anatia sahihi, serikali ndiyo inayotawala na kujibu mbele ya Bunge. Kinachomfunga ni sahihi ya pili. Fikiria hati ya kuuza kiwanja: muuzaji ametia sahihi, lakini bila sahihi ya shahidi karatasi haina nguvu. Vivyo hivyo, tendo la rais lilihitaji sahihi ya waziri, naye waziri ndiye aliyebeba lawama.

Ufa ulikuwa hapa: sheria ilidai sahihi ya waziri, haikusema yupi. Tena ilimpa mkuu wa nchi haki ya kumteua na kumwachisha waziri mkuu. Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwachisha Patrice Lumumba, na mawaziri wawili wa Lumumba mwenyewe, Justin Bomboko na Albert Delvaux, wakatia sahihi. Wanasheria wangali wanabishana kama hilo lilikuwa halali, maana Ubelgiji mfalme hakuitumia haki hiyo kwa utashi wake peke yake. Wabunge walikataa uamuzi huo, na maseneta pia. Rais akaushikilia, Lumumba naye hakuondoka, na tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akatangaza kwamba wote wawili wamesimamishwa.