Je, wajua protini za mmea huingiaje kwenye mitokondria bila kupotelea kwenye kloroplasti?

Mitokondria ya mmea, yaani kinu cha nishati cha seli, huhitaji protini zipatazo 2,000, ilhali DNA yake yenyewe ina maelekezo ya kuunda takriban 30 tu. Jeni za protini nyingine zote zimo katika kiini cha seli. Raibosomu, viwanda vya protini vya seli, huziunda nje ya mitokondria, kisha huingizwa ndani moja moja. Kwa mnyama kazi hii ina nafuu. Seli ya mmea ina kloroplasti pia, inayotengeneza chakula kwa mwanga, nayo huchukua protini zake kwa maelfu kutoka saitoplazimu (majimaji ya seli) hiyohiyo.

Anwani ya protini ni kipande chake cha mwanzo. Kwa mimea, kile cha mitokondria huwa na wastani wa asidi amino (viungo vya protini) 40 hadi 50, kirefu kuliko cha hamira. Hujikunja kuwa msokoto wenye chaji chanya upande mmoja, na upande wa pili unaokwepa maji. Cha kloroplasti hufanana nacho mno: vyote vina asidi amino iitwayo serini kwa wingi, na asidi amino zenye chaji hasi ni adimu. Tofauti kubwa iko mwanzoni kabisa, ambako cha mitokondria kina arijinini, asidi amino yenye chaji chanya, nyingi zaidi na hujikunja kwa wepesi zaidi.

Kwenye utando wa nje wa mitokondria, protini ya mapokezi iitwayo Tom20 hushika ule upande unaokwepa maji. Cha kustaajabisha, Tom20 ya mimea imejishikiza kwenye utando kwa ncha yake ya mwisho, na ya wanyama kwa ncha ya mwanzo. Ni protini mbili zenye asili tofauti zilizofikia kazi moja. Protini inayoingia hupenya tundu linaloundwa na protini Tom40 ikiwa imekunjuliwa, kama uzi katika sindano. Ikijikunja mapema hukwama, ndiyo maana protini saidizi za nje ziitwazo Hsp70 huizuia isijikunje.

Utando wa ndani una umeme. Upande wa ndani ni hasi kwa zaidi ya milivolti 100, hivyo arijinini huvutwa kupitia mfereji wa protini Tim17 na Tim23. Baadaye Hsp70 ya ndani huvuta sehemu ya protini iliyobaki kwa kutumia ATP, nishati ya seli.

Kimeng'enya kiitwacho MPP hukata anwani. Katika mimea kimejengwa ndani ya kompleksi III, mojawapo ya mikusanyiko ya protini ya mnyororo wa upumuaji, si huru kama kwa wanyama. Vipande vilivyokatwa haviachwi, kwa kuwa vinaweza kutoboa utando; kimeng'enya kingine, PreP, huvisaga.

Si kila protini inayopatikana katika mitokondria na kloroplasti imepotea njia. Kimeng'enya glutathioni ridaktesi cha njegere huenda kote kuwili, kwani kote inahitajika.

Maabara huchunguza haya kwa mitokondria za kiazi mviringo au mchicha. Protini yenye salfa-35, inayotoa mionzi ili ionekane, huchanganywa nazo pamoja na ATP kwenye nyuzi 25 za selsiasi kwa dakika 20 hivi, kisha kimeng'enya proteinesi K huongezwa ili ile iliyobaki nje imeng'enywe. Iliyoingia huonekana kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa, ikiwa fupi (anwani imekatwa) na salama. Sampuli ya pili hutiwa valinomisini, inayofuta umeme wa utando. Kama bado protini inaonekana imeingia, matokeo hayo hayaaminiki. Isitoshe, mitokondria zikiwa peke yake huweza kupokea hata protini za kloroplasti, hivyo jaribio la haki huweka zote mbili katika chupa moja, kisha huzitenganisha kabla ya kupima.