Kwa nini kapteni mzoefu akihamia shirika la ndege huanzia mkiani?

Chukua rubani Mmarekani aliyerusha Gulfstream, ndege binafsi ambayo kampuni huitumia kusafirisha wakuu wake, kwa miaka 20. Amevuka Atlantiki mara nyingi, ametua Aspen katikati ya milima ya Colorado, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi amekuwa kapteni. Akiajiriwa leo na shirika la ndege kama Delta au United, ataketi kiti cha kulia kama rubani msaidizi na kulipwa mshahara wa mwaka wa kwanza. Kapteni wake huenda akawa na umri wa mwanawe.

Sababu ni orodha ya ukongwe. Katika mashirika makubwa ya Marekani, kila rubani hupewa namba kufuatana na tarehe ya kuajiriwa, na namba hiyo ndiyo huamua karibu kila kitu: ndege utakayorusha, mji utakaotokea, lini utakuwa kapteni, na kama Krismasi utakuwa nyumbani. Namba haihamishiki. Ukitoka shirika moja kwenda jingine unaiacha mlangoni, na ukitoka kwenye ndege za kampuni hukuwa nayo kabisa.

Mgeni huona huo ni uonevu mtupu, lakini utaratibu huu una historia yenye uchungu. Julai 1919 marubani wa ndege za barua walifanya mgomo baada ya wenzao wawili kufukuzwa kwa kukataa kuruka kwenye ukungu. Bosi aliyeweza kukupandisha au kukutimua apendavyo aliweza pia kukusukuma angani siku mbaya. Ndiyo maana chama cha marubani, ALPA, kilichoundwa mwaka 1931, na vyama vingine vya fani hiyo vimeishikilia sana orodha: tarehe haina upendeleo, na anayekataa kuruka kwa ajili ya usalama hapotezi nafasi yake.

Rubani wa kampuni hana ngao hiyo. Anapanga safari, anaagiza chakula cha abiria, anapakia mizigo, na simu ya bosi ikilia usiku anaamka. Kazi yenyewe inaweza kutoweka kwa uamuzi wa mkutano mmoja. Novemba 2008 wakuu wa kampuni za magari za GM, Ford na Chrysler walikwenda Washington kwa ndege za kampuni kuomba fedha za serikali. Wananchi walikasirika, na wiki chache baadaye GM na Ford zikaahidi kuachana na ndege hizo. Marubani ndio waliobeba gharama ya hasira ile.

Hapo kila upande una la kusema juu ya mwenzake. Wa mashirika huwaona wa kampuni kuwa walegevu wa taratibu, na hutaja ajali ya Bedford, Massachusetts, Mei 2014: Gulfstream ilishindwa kupaa kwa sababu kifaa kinachokaza usukani ndege ikiwa imeegeshwa hakikufunguliwa. Watu 7 walikufa. Wachunguzi waligundua kuwa katika safari 175 zilizotangulia, marubani wale hawakukamilisha ukaguzi wa usukani kwa asilimia 98. Wa kampuni nao hujibu kwa ajali ya ndege ya shirika la Colgan karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. Hiyo ilikuwa safari ya abiria ya ratiba, na kapteni alivuta usukani pale alipopaswa kushusha pua. Kwangu mimi, kurushiana maiti namna hii hakuthibitishi chochote kuhusu kundi lolote.

Kinyongo kizito zaidi hutokea mashirika yanapopunguza watu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 maelfu ya marubani walisimamishwa bila malipo, wakiwa na haki ya kurudishwa kwa namba zao. Walipobisha hodi kwenye kampuni, wengine waliambiwa waandike kwanza barua ya kuisalimisha namba. Mwajiri ana hoja: kumfundisha rubani ndege mpya hugharimu makumi ya maelfu ya dola, kisha mtu anaitwa na kuondoka. Lakini kumdai mtu avunje daraja la kurudia kwake, huku wewe mwenyewe ukiweza kuiuza ndege wakati wowote, ni kudai uaminifu wa upande mmoja.

Mwaka 2022 na 2023 wimbi liligeuka. Mashirika yaliajiri kwa kasi, na mkataba wa Delta wa 2023 ulipandisha mishahara kwa asilimia 34 katika miaka minne. Makapteni wengi wa kampuni wakakubali kuanzia mkiani, na wenzao waliobaki wakalemewa na zamu.

Umri nao unachochea kinyongo. Sheria humwondoa rubani wa shirika kazini akifika miaka 65, ila anayerusha ndege ya kampuni kwa safari za kampuni yenyewe hawekewi kikomo hicho. Kwa hiyo wastaafu huvuka upande wa pili wakiwa na akiba yao, na wapo wanaokubali malipo madogo. Kapteni wa kampuni mwenye watoto shuleni anashindana na mtu asiyeutegemea mshahara huo.