Lewa ni ngoma gani?

Lewa ni ngoma inayochezwa Oman, Falme za Kiarabu, Bahrain, Qatar na Kuwait, hasa na watu ambao mababu zao walitoka Afrika Mashariki. Wengine huiita liwa au leiwa. Jina hilo hubeba vyote kwa pamoja: mdundo, uchezaji, nyimbo na shughuli yenyewe.

Mtu wa Tanga, Unguja au Lamu akiiona hatahitaji kuelezwa sana. Katikati ya uwanja husimamishwa ngoma ndefu, na jina lake huko halijaenda mbali na msondo wetu. Ngoma nyingine ndogo hujaza mdundo. Wachezaji huzizunguka kwa hatua fupi za pamoja, wakiitikia kiongozi anayeanzisha wimbo. Halafu kuna zumari, na hapo ndipo penye utamu. Mpulizaji hutembea ndani ya mduara, mashavu yamevimba, na sauti haikatiki hata kidogo kwa sababu anavuta hewa kwa pua huku akiisukuma nje ile aliyoihifadhi mdomoni. Mdundo huanza taratibu, kisha hupanda. Wapo wanaopandwa na pepo, jambo ambalo mtu aliyekulia karibu na ngoma za pepo za pwani hataliona geni.

Ilifikaje Ghuba, yaani kwenye nchi hizo za Uarabuni? Pwani hizi mbili zimeunganishwa na biashara ya majahazi tangu zamani, na mabaharia walikwenda na kurudi kwa kufuata pepo za msimu. Lakini lewa haiwezi kuelezwa kwa habari za mabaharia peke yao. Karne ya 19, baada ya Seyyid Said, mtawala wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja, watu wengi walitekwa bara, wakapitishwa Kilwa na Unguja, wakauzwa Arabuni. Mahitaji yalikuwa makubwa kwa sababu tende za Oman zilinunuliwa hadi Marekani, na lulu za Ghuba zilitakiwa na matajiri wa dunia nzima. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini usafirishaji wa magendo haukukoma mara moja. Waliomwagilia mitende na kupiga mbizi kutafuta lulu ndio waliokuwa wakikusanyika kucheza.

Kuna jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hulikosea. Tukisikia maneno ya Kiswahili katika nyimbo za lewa, yakichanganywa na Kiarabu, tunasema: hawa ni Waswahili wenzetu. Baadhi yao, ndiyo. Lakini wengi waliopelekwa walitoka mbali na pwani, hata upande wa Ziwa Nyasa, wakiwa na lugha zao na ngoma zao. Kiswahili kiliwakutanisha njiani na ugenini. Kwa hiyo lewa haikusafirishwa ikiwa kamili kutoka kijiji fulani. Iliundwa na watu waliokatwa na koo zao, wakahitaji namna ya kuwa jamaa. Naliona hili kuwa kubwa kuliko suala la kuhifadhi asili: walijenga utambulisho mpya kwa vipande walivyokuwa navyo, na ngoma ndiyo iliyowapa mahali pa kuujengea. Leo waimbaji wengi hawajui tena maana ya baadhi ya maneno wanayoyaimba, lakini wanajua hasa yaingie wapi katika mdundo.

Lewa isichanganywe pia na Waomani wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Wengi wa hao ni familia zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine walihamia Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Lewa ilikuwa imeshakita mizizi Ghuba muda mrefu kabla yao. Vilevile si sawa na tambura, ngoma nyingine ya Waafrika wa Ghuba inayoelekea zaidi Sudan na Nubia, ambayo hutambulika kwa kinubi chake na kwa mkanda wa kwato za mbuzi unaolia mchezaji anapotikisa kiuno.

Ngoma zenye undugu na lewa zipo pia pwani ya Makran, Pakistan, na huko Gujarat, India, Wasidi, yaani Wahindi wenye asili ya Afrika, wana ngoma wanayoiita goma.

Siku hizi lewa huchezwa harusini na kwenye sherehe za taifa, na wachezaji wake ni raia wa nchi hizo, si wageni. Wana haki ya kuiita ngoma ya Ghuba, na mtu wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuwanyang'anya. Kinachoniuma ni kwamba jukwaani mara nyingi huletwa kama burudani ya jadi ya pwani, dakika chache za mavazi meupe na makofi, bila neno lolote kuhusu mashamba ya tende wala vyombo vya lulu. Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952, na Oman mwaka 1970. Wapo wazee wanaocheza lewa leo ambao walizaliwa kabla ya miaka hiyo, na wanastahili kuulizwa habari za wazazi wao wakiwa bado hai.